Pengo Katika Muhuri wa Jefferson

Kwa miaka ishirini na mitatu Corinne Tuttle alikusanya kitu kimoja tu: barua zilizotoka kwenye manowari Jefferson. Picha za manowari hakuzitaka, wala kofia za mabaharia, wala vifungo vya shaba ambavyo mjini Norfolk unavikuta katika kila duka la vitu vya kale. Alitaka bahasha na postikadi, na juu ya hizo alichotaka hasa ni muhuri. Alikuwa karani wa posta mpaka alipostaafu, na jirani zake walishangaa. Mtu ameshinda akigonga mihuri maisha yake yote, halafu anarudi nyumbani anakaa kuitazama mihuri ya wenzake.

Jefferson ilikuwa na posta yake humo humo ndani, na baharia mmoja ndiye aliyekuwa karani. Muhuri wake ulikuwa wa mkono: duara lenye jina la meli, tarehe katikati, na pembeni mistari minne minene ya kuichafua stempu ili isitumike tena. Chuma nacho huumia. Siku moja, hakuna ajuaye ni ipi, muhuri ule ulianguka au uligongwa vibaya, na mstari wa tatu ukamegeka. Tangu hapo kila barua iliyotoka Jefferson ilikuwa na pengo dogo katika mstari wa tatu, kama mtoto aliyeng'oka jino la mbele.

Corinne ndiye aliyeligundua pengo hilo. Mwaka 1968 aliandika katika jarida la chama chao cha wakusanyaji kwamba lilianza Februari 1913, kwa kuwa alikuwa na bahasha ya tarehe tatu mwezi huo yenye pengo. Kwenye mkutano uliofuata alisimama Emmett Vandiver, fundi mstaafu wa karakana ya meli, akaonyesha bahasha yake ya tarehe thelathini Mei 1913. Haikuwa na pengo.

"Basi muhuri huo ni wa bandia," Corinne alisema, mbele ya watu arobaini. "Umeuziwa uongo, Bwana Vandiver."

Emmett aliirudisha bahasha yake mfukoni, akavaa kofia, akatoka. Hakuacha kuhudhuria mikutano, lakini kwa miaka kumi na moja waliketi meza mbili mbali mbali ndani ya ukumbi ule ule wa kanisa, na hakuna aliyemwambia mwenzake hata habari za asubuhi.

Mwaka 1979, mwezi wa Oktoba, chama kilifanya maonyesho yake ya kila mwaka. Corinne alikuwa amepanga mbao zake na kukaa nyuma yake na mkate wenye nyama ya nguruwe ya moshi, alipofika mwanamke mmoja mweusi wa makamo yake, amevaa koti la kijani la kanisani, mkoba ameukumbatia kifuani. Alisoma kila ubao bila haraka. Alipofika mwisho alirudi mwanzo akasoma tena.

"Unatafuta kitu maalumu, dada?" Corinne aliuliza.

"Natafuta mwezi," mwanamke alisema.

"Mwezi?"

"Mwezi wa kalenda." Alifungua mkoba akatoa postikadi iliyofungwa kwa karatasi laini. "Naitwa Ardelia Sykes. Nimetoka Suffolk. Baba yangu alikuwa mtia makaa kwenye meli hii yako. Nimesoma gazetini kwamba kuna mtu anaweza kuuangalia muhuri akakwambia umetoka wapi na lini. Ni wewe?"

"Huenda ni mimi. Hebu niione."

Upande mmoja ulikuwa na mchoro wa Jefferson yenyewe, aina ya kadi zilizokuwa zikiuzwa ndani ya meli. Upande wa pili kulikuwa na anwani ya Bi Rosetta Boykin, Suffolk, Virginia, na maneno machache ya penseli. Corinne hakuyasoma. Jicho lake lilikwenda moja kwa moja kwenye muhuri. Siku ilionekana vizuri, kumi na saba. Mwaka ulionekana, 1913. Mwezi, hapana. Pale penye mwezi wino ulikuwa umetapakaa, na katikati ya doa hilo kulikuwa na tundu la msumari.

"Mama yangu aliipigilia ukutani juu ya kitanda," Ardelia alisema. "Kati ya nafasi yote hii, akachagua hapo."

"Tarehe unayo, mwaka unao. Mwezi unakuhusu nini hivyo?"

Ardelia alivuta kiti akakaa bila kukaribishwa. "Soma alichoandika."

Corinne alisoma: *Nimepata habari kwamba amefika salama. Mlisheni vizuri, msimchoshe. Nikija nitamwona mwenyewe. Lemuel.*

"Ni wewe?" Corinne aliuliza.

"Hilo ndilo swali. Mimi nilizaliwa tarehe tisa Juni mwaka huo. Lakini tarehe mosi Februari shangazi yangu Parthenia alinunua nyumbu wa kulimia karanga. Mtoto wa punda na farasi, jike, jina lake Duchess. Shangazi anasema kadi hii ni ya nyumbu."

Corinne alitaka kucheka, akaona mwenzake hacheki, akajizuia.

"Baba alikufa Agosti tisa, hospitali ya jeshi huko Newport, kwa homa ya matumbo. Hakuniona. Nimekua naambiwa, 'Baba yako alituma salamu kwa nyumbu, wewe hakukuuliza.' Kila Krismasi, kila harusi. Watu wanashika mbavu. Mimi nacheka nao. Nina miaka sitini na sita, Bi Tuttle, nimepika shuleni miaka thelathini, nimezika mume. Ukiniuliza kwa nini nahangaika na jambo hili leo, sijui. Nataka tu kujua ni yupi kati yetu."

Corinne alichukua lenzi yake akaiinamia kadi. Mistari ilikuwa minne, safi. Na katika wa tatu, pengo.

Aliitazama kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika, kwa sababu jibu lilikuwa tayari kwenye ubao nyuma yake, kwa mwandiko wake mwenyewe. Pengo: kuanzia Februari 1913.

"Sikiliza," alisema. "Muhuri huu una alama iliyoanza mwezi wa pili. Kwa hiyo kadi yako inaweza kuwa Februari, Machi, Aprili, mpaka Julai. Siwezi kuitoa Februari."

"Na Februari ni nyumbu."

"Februari ni nyumbu. Barua ya kusema amefika ingempata baba yako katikati ya mwezi hivi. Inaelekea hivyo."

Ardelia aliifunga kadi yake taratibu. "Asante. Angalau umeangalia." Alisimama, akauangalia tena ule ubao wa mwisho, wa mwaka 1913. "Una uhakika na hiyo Februari?"

"Niliichapisha," Corinne alisema.

"Haya. Kama imechapishwa." Hakusema kwa kejeli, na hilo ndilo lililomkaa Corinne rohoni. Alimwomba Ardelia namba yake ya simu, akampa na ya kwake, bila kujua ya nini.

Kesho yake ilikuwa Jumapili. Corinne hakwenda kanisani. Alitandaza juu ya meza ya chakula barua zote za 1913, kumi na moja. Ya Januari ishirini na mbili, mstari mzima. Ya Agosti nne, pengo. Na katikati yake ile bahasha ya Februari tatu, ambayo ndiyo iliyobeba kila kitu alichopata kuandika.

*Una uhakika na hiyo Februari?* Hakuna mtu aliyemwuliza hivyo kabla. Emmett hakuuliza, alionyesha bahasha yake tu, na Corinne akamkata kauli.

Aliiweka chini ya taa. Februari ilisomeka vizuri, hata kipofu angeisoma. Siku, tatu. Mwaka, moja, tisa, moja, na tarakimu ya mwisho iliyopata wino upande mmoja. Tatu. Siku zote alikuwa ameiona tatu. Sasa alijilazimisha kuitazama kama vile ameletewa na mteja dirishani, na akaona kwamba tumbo la chini la tarakimu ile lilikuwa pale, lakini juu palikuwa na ufito tu. Ingeweza kuwa tatu. Ingeweza kuwa tano.

Muhuri ulikuwa umekataa kusema, basi akafanya jambo ambalo kwa miaka yote hakuwahi kulifanya: aliiacha mihuri akaitazama stempu. Ilikuwa stempu nyekundu ya senti mbili, ya kawaida kuliko zote, aina ambayo mkusanyaji wa mihuri anaipita kama mlango wa jirani. Alichukua kipimo cha meno, kile kijikadi chenye nukta, akakilaza ukingoni mwake. Stempu za 1913 zilikuwa na meno kumi na mawili katika kila sentimita mbili. Alihesabu. Kumi. Akahesabu tena kwa ncha ya sindano. Kumi.

Stempu nyekundu za meno kumi hazikutoka mpaka mwishoni mwa 1914. Alilijua hilo kama anavyolijua jina lake. Bahasha haiwezi kusafiri Februari 1913 na stempu ambayo haijachapishwa bado. Ilikuwa 1915.

Alikaa kitako na kucheka peke yake, kicheko kifupi kisicho na furaha, kisha akakikatiza kwa sababu alikuwa ameona kinachofuata. Kama Februari ilianguka, basi pengo lilianza wakati wowote kati ya Januari na Agosti. Na mtu mmoja tu katika jimbo zima alikuwa na kitu cha kulisogeza: bahasha ya Mei thelathini, isiyo na pengo, iliyoitwa ya bandia mbele ya watu arobaini.

Nyumba ya Emmett Vandiver ilikuwa ng'ambo ya mto, Portsmouth, karibu na karakana. Corinne hakupiga simu kwanza. Aliogopa kwamba angekata. Emmett alifungua mlango akiwa na taulo la jikoni begani, akamtazama, akatazama nyuma yake kana kwamba huenda ameletwa na polisi.

"Nani kafa?" aliuliza.

"Hakuna. Nimekuja kukwambia bahasha yako ni halali."

"Najua ni halali."

"Mimi ndiye niliyekosea. Februari yangu ni ya 1915. Niliisoma vibaya, nikaichapisha, nikakuaibisha kwa ajili yake. Nisamehe, Bwana Vandiver."

Emmett alisimama pale akijifuta mikono ambayo tayari ilikuwa mikavu. "Miaka kumi na moja," alisema.

"Ndiyo."

"Na leo Jumapili ndiyo umeamka umeona."

"Nimehesabu meno."

"Hukuwa umeyahesabu?" Safari hii alimtazama usoni, na kilichokuwa machoni mwake kilikuwa mshangao mtupu. "Wewe? Miaka yote hiyo hukuhesabu meno ya ile stempu?"

"Sikuwahi."

"Mungu wangu," Emmett alisema polepole. "Nilikuwa nalala nikiwaza huyu mwanamke ana kitu gani ambacho mimi sina. Kumbe hukuwa umehesabu." Akafungua mlango zaidi. "Ingia, kahawa imekwisha lakini nitaweka nyingine. Kuna nini? Mtu hajitoi Norfolk kuja kuomba radhi tu."

Alimweleza yote, kadi, msumari, nyumbu. Alipofika kwenye nyumbu Emmett alicheka mpaka akashika ukingo wa sinki, kisha alipofika kwenye Krismasi na harusi aliacha kucheka. Alikwenda chumbani, akarudi na sanduku la viatu.

"Ile ya Mei hii hapa. Na barua yake imo ndani, kijana anamweleza mama yake gwaride la kuwakumbuka mashujaa, la mwaka huo, anataja na mvua. Lakini wewe ulitaka ushahidi mwingine siku ile, na mimi ningekuwa na akili ningekaa nikakuletea badala ya kususa." Alitoa ya pili. "Juni kumi na moja, 1913. Nimeipata mwaka 1971. Sikumwonyesha mtu."

Corinne aliomba lenzi. Tarehe ilikuwa kama imechapwa kitabuni: Juni, kumi na moja, 1913. Mtumaji mwingine, mwandiko mwingine. Alihesabu meno ya stempu kwanza, Emmett akimtazama kwa kebehi ndogo, yakawa kumi na mawili. Kisha akashuka kwenye mistari. Wa kwanza, wa pili, wa tatu. Mzima, bila hata mkwaruzo.

"Basi Juni kumi na moja muhuri ulikuwa mzima," alisema.

"Na kadi yake ina pengo."

"Nimeliona mwenyewe. Na siku ni kumi na saba."

Emmett alihesabu kwa vidole mezani. "Juni kumi na saba. Au Julai kumi na saba. Hakuna nyingine, Agosti kumi na saba alikuwa ameshazikwa."

Nje treni ya mizigo ilipita, vikombe vikatetemeka kabatini.

"Mpigie," Emmett alisema. "Simu iko pale."

"Simu siyo," Corinne alisema. "Nitakwenda Suffolk. Niazime hii ya Juni."

"Siiazimi." Alivua taulo begani. "Nitakwenda nayo mwenyewe. Na gari nitaendesha mimi, nimekuona unavyoegesha."

Huko Suffolk, Shangazi Parthenia Boykin alikuwa na miaka tisini na mitatu, na alikuwa ameketi kwenye kiti cha magurudumu mbele ya televisheni iliyozimwa sauti. Ardelia aliwapokea mlangoni. Corinne alikuwa amemwambia kwa simu jambo moja tu, kwamba alikosea na anakuja, na Ardelia alikuwa amelivaa tena lile koti la kijani kana kwamba wanaenda mahakamani.

Corinne alieleza mezani, kadi ya Ardelia na bahasha ya Juni mbele yao. Alimpa Ardelia lenzi akamwonyesha mstari wa tatu wa barua ya Emmett, kisha wa kadi yake. Ardelia alitazama huku na huku mara nyingi. Midomo yake ilikuwa ikihesabu.

"Kwa hiyo nilikuwa nimeshazaliwa," alisema.

"Ulikuwa na siku nane, au mwezi na siku nane."

"Na yeye alijua."

"Alijua. Meli ilikuwa Newport wakati huo, barua inafika kwa siku mbili tatu."

Ardelia aliweka lenzi chini. Hakulia. Aliligusa neno *amefika* kwa kidole, kisha akakivuta haraka kama mtu aliyegusa jiko.

"Mnanong'ona nini huko?" Shangazi Parthenia aliita. "Mimi siyo kiziwi, ni mzee tu."

Ardelia aliibeba kadi akaenda akasimama mbele yake. "Shangazi, hawa ni watu wa mihuri. Wanasema kadi ya baba iliandikwa Juni au Julai. Siyo ya nyumbu. Ni yangu."

Bibi kizee alimtazama Corinne, akamtazama Emmett, akairudia kadi. "Ndiyo ni yako," alisema. "Ya nani tena?"

Ardelia aliishusha kadi.

"Shangazi, umeniambia ni ya nyumbu maisha yangu yote."

"Nilimwambia mama yako." Parthenia alijinyoosha kitini. "Lemuel alipokufa, Rosetta aliipigilia hiyo kadi ukutani, analala chini yake, haamki. Siku kumi na mbili. Maziwa yakaanza kumkauka, nawe unalia njaa. Nimemsihi, nimemkemea, wapi. Siku hiyo nikaingia nikaisoma kwa sauti. 'Mlisheni vizuri, msimchoshe.' Nikamwambia, 'Rosetta, huyu mjinga ndugu yangu anaulizia nyumbu.' Akanitazama. Halafu akacheka. Alicheka mpaka nikaogopa. Kisha akaomba uji." Akatikisa kichwa. "Kwa hiyo nikawa narudia. Ukishapata kitu cha kumchekesha mtu wa namna ile, hukiachi. Mama yako alikipenda mpaka anakufa. Wewe nawe ulikuwa ukicheka."

"Nilikuwa nacheka kwa sababu wote wanacheka."

Shangazi aliilaza mikono yake mapajani. Kwa mara ya kwanza alionekana kama mtu wa umri wake. "Ungeniuliza, Delia," alisema kwa sauti ndogo. "Hukuwahi kuniuliza. Ningekwambia siku hiyo hiyo."

Ardelia alipiga magoti kando ya kiti, akauweka uso wake kwenye mkono wa yule bibi, na wakakaa hivyo. Emmett alitoka barazani kuvuta hewa. Corinne naye alitaka kutoka lakini lenzi yake ilikuwa mikononi mwa Parthenia, ambaye alikuwa ameichukua na kuinamia kadi juu ya kichwa cha mpwa wake.

"Wewe mama wa mihuri," alisema baada ya muda. "Newport huko, kuna mtu anajua ndugu yangu amelazwa kaburi gani? Waliandika watamleta, hawakumleta."

"Jeshi linaweka daftari," Corinne alisema. "Hospitali nayo huwa na lake. Sijawahi kutafuta mtu, nimetafuta mihuri tu. Lakini nadhani najua pa kuandika."

"Basi andika."

Aliandika Jumatatu, barua mbili, na katika bahasha ya tatu akatia masahihisho ya jarida: pengo katika muhuri wa Jefferson lilianza kati ya Juni kumi na moja na Julai kumi na saba, 1913, kwa ushahidi wa kadi ya Bi A. Sykes na bahasha za Bwana E. Vandiver, ambaye alikuwa sahihi tangu mwanzo. Emmett alipoyasoma alisema neno "tangu mwanzo" limezidi kidogo, ila asilifute.

Jibu la Newport lilikuja wiki mbili kabla ya Krismasi, karatasi moja yenye namba ya safu na namba ya kaburi. Mwezi wa Aprili walikwenda watatu kwa gari la Emmett, siku mbili njiani. Kaburi lilikuwa na jiwe dogo jeupe, jina limeandikwa *Boykins*, kwa herufi iliyozidi. Ardelia alilisafisha kwa kitambaa alichokuja nacho, akakaa kwenye nyasi mbele yake na kuanza kuongea, polepole, mambo ya nyumbani, nani kazaliwa na nani kaolewa. Corinne na Emmett walisogea mbali kidogo wakamwachia nafasi, na Corinne akatoa daftari akayanakili majina ya mawe ya jirani, mtia makaa mmoja, mpishi mmoja, na baharia wa miaka kumi na minane aliyekufa wiki ile ile. Alijiuliza ni nani kati yao aliyekuwa ameandika nyumbani, na kama barua hizo bado ziko katika sanduku la mtu fulani, na zinasema nini.